Kabichi za Picha

Nyuma ya kanisa letu, huku Mulekera, mchungaji alitupa sisi akina mama kipande cha ardhi tujifunze kulima mboga za nyumbani. Mwalimu wetu alikuwa agronome kijana, mtaalamu wa kilimo aliyetumwa kutoka Butembo. Alituonyesha namna ya kuozesha mbolea, kusia mbegu, na kujaza udongo katika magunia kwa wale wasio na uwanja. Alifundisha vizuri. Nasema hilo ili isidhaniwe kwamba nilimchukia tangu mwanzo.

Aliyeshika masomo kuliko wote ni jirani yangu, mjane aliyekimbia kijiji chake akiwa na wajukuu, akapanga chumba kisicho hata na mahali pa kumwaga maji. Tuta lake la lenga-lenga, mchicha wetu wa huku, lilikuwa limeanza kumlisha. Jioni wajukuu walikula bugali na majani aliyoyachuma mwenyewe, naye alitembea kama mtu mwenye kwake.

Kisha tukatangaziwa kwamba wageni wanaolipia masomo watakuja kutembelea bustani. Asubuhi ya kuja kwao tulifika tumevaa vitenge vyetu vya kanisani, nikadhani nimepotea njia. Matuta yote yalikuwa na kabichi kubwa, zimepangwa mistari, zinang'aa maji. Lenga-lenga ya jirani yangu ilikuwa imeng'olewa na kutupwa nyuma ya choo.

Niliinama nikaigusa kabichi moja. Ikalala. Haikuwa na mizizi. Zilikuwa kabichi za sokoni, zile zinazoshuka na malori ya Lubero, zimechomekwa udongoni kwa shina, na chini zilikwisha kuanza kunuka.

Jirani yangu alimwendea mwalimu. Alimuuliza sababu bila kupaza sauti.

"Mulingoa mboga yangu juu ya nini?"

"Mama, ni ya picha tu. Bageni bakienda, utapanda ingine."

"Na leo batoto batakula picha?"

Mwalimu alikwisha kugeukia njiani. Gari la wageni lilikuwa linaingia.

Mgeni mmoja, mama mwenye uso mwema, alimuuliza jirani yangu kwa Kifaransa kama kabichi zilichukua muda mrefu kukua. Mwalimu akatafsiri swali. Jirani yangu akasema, "Zilifika leo asubuhi." Mwalimu akamgeukia mgeni akitabasamu, akamwambia, kwa Kifaransa ninachokielewa, kwamba mama huyu anawashukuru sana. Wageni wakapiga makofi.

Wageni wakaenda zao, na hakuna aliyerudi kuzitoa kabichi. Jua lilizipika, mvua ikazilowesha, na Jumapili harufu ikaingia kanisani katikati ya maombi. Tuliokwenda kuziondoa ni sisi wenyewe. Mikono ilizama katika ute wa kijani wenye funza, nami nikatapika kando ya ua mbele ya wenzangu.

Nilimwomba jirani yangu ajaze magunia udongo, ayaweke kwenye ukuta wa jikoni kwangu. Nilimpa mbegu nilizokuwa nazo, akapanda, zikaota. Sasa wajukuu wake wanakuja kuchuma bila hata kubisha hodi.

Masomo yameanza tena nyuma ya kanisa, na mwalimu ni yuleyule. Wenzetu wengine wamerudi kwa sababu wanapewa mbegu, na siwalaumu. Juzi mchungaji aliniuliza kwa nini hanioni bustanini. Nilimjibu kwamba tumbo langu halijapona.