Ukiitwa, Ngoja Mara ya Tatu

Ijumaa iliyopita tulikwenda Yiti, nje kidogo ya Maskati, kula samaki wa kuchoma ufukweni. Njiani mume wangu akasimamisha gari pale barabara inapopita katikati ya majabali, kwa sababu mwanangu wa kiume alikuwa amekunywa maji mengi na hakuweza kungoja tena. Alipomaliza haja yake akafanya wanavyofanya watoto wote wakijikuta mbele ya jabali, akapaza sauti. Alimwita dada yake kwa jina. Jabali likalirudisha lile jina polepole, kwa upole kuliko alivyolitoa yeye. Binti yangu, aliyekuwa amesimama ubavuni kwangu, akafungua mdomo aitike, nami nikamziba kwa kiganja. Nilimziba kwa nguvu mpaka akalia, na mume wangu akaniuliza kama nimeingiwa na wazimu.

Sikumjibu. Nitakujibu wewe, maana wewe una subira, na hata ukinicheka najua utanicheka kwa siri. Binti yangu nimempa jina la bibi yangu, mama yake baba. Jina lenyewe sitaliandika hapa, niwie radhi. Ukifika mwisho utaona kwa nini.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, na kazini walimpeleka masomoni Uswisi kwa miezi mitatu, katika mji ulio kando ya ziwa. Mama alikuwa na mimba kubwa na hakuweza kupanda ndege, basi wiki mbili za mwisho tukamfuata bibi na mimi. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake alikuja nacho kizima kama sanduku ambalo halijafunguliwa forodhani. Hakuitaka ile safari. Alisema dunia kaiona ya kutosha na magoti yake hayana haja ya kuona zaidi. Lakini baba ndiye mwanawe wa pekee, na akisema neno bibi hakuwa na la kurudisha.

Bibi alikuwa na sharti zake, na sisi watoto tulizijua kabla ya kujua kusoma. Ukiitwa na mtu unayemwona, itika pale pale, mwanamume aseme naam, mwanamke aseme abee. Heshima si utumwa, ndivyo alivyotuambia. Lakini ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. "Ngoja mara ya tatu," akisema. "Kisicho mtu hakina subira ya kuita mara tatu." Na sharti kubwa kuliko zote, mkubwa hatajwi jina. Kwangu mimi bibi alikuwa bibi tu, kama vile mlango ni mlango. Jina lake nililisikia mara ya kwanza uwanja wa ndege, ofisa mmoja alipolisoma kwa sauti kutoka kwenye pasipoti. Lilikuwa jina zuri. Nikakaa nalo mdomoni safari nzima, kama peremende niliyoiba.

Siku ya kurudi, baba alikuwa na mpango wake. Ndege yetu ilikuwa ya kesho yake, kutoka mji ulio upande wa pili wa milima. Asubuhi tungepanda treni mpaka kituo kidogo bondeni, pale tungekodi gari, na jioni tungekuwa tumeshavuka. Alitaka mama yake aone theluji kabla hajarudi kwenye joto letu. Bibi aliamka alfajiri akakaanga kachori za viazi, akachemsha chai ya maziwa na iliki, akavitia vyote kikapuni. Juu ya baibui alivaa koti la baba, mikono imempita vidole.

Ndani ya treni harufu ya zile kachori ilitutangulia. Mkaguzi wa tiketi, mwanamke mrefu mwenye kofia, alisimama kwetu akavuta pumzi. Baba akaona haya. Bibi akamkabidhi kachori mbili ndani ya karatasi, akamwambia kwa Kiswahili, "Kula mwanangu, umekonda," na yule mwanamke akaelewa. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Dirishani milima ilikuwa ikikaribia, na kila treni ilipopiga kona ilionekana imesogea zaidi ya ilivyopaswa. Milima yetu ya Maskati ni mikavu, unaiona mpaka mfupa. Ile ilikuwa na msitu mweusi chini na ukungu juu, na katikati hujui kuna nini. Bibi aliacha kuitazama, akatoa tasbihi yake.

Gari tulilopewa lilikuwa dogo, jekundu, na baba alizunguka nalo kituoni mara mbili kabla hajapata njia ya kutokea. Tulipanda mlima kona baada ya kona. Hakukuwa na mtu. Tulipita nyumba za mbao zilizofungwa madirisha, na ng'ombe ambao hatukuwaona, tulisikia kengele zao tu ndani ya ukungu, mara kuliani, mara juu yetu. Sauti za vitu visivyoonekana zilinitia ubaridi kuliko baridi yenyewe. Mahali fulani njia ilipopanuka baba akasimama ili tule. Akanionyesha bonde lililojaa ukungu, akaniambia, "Mlima wa huku unaitika. Jaribu." Akapiga haloo, na haloo ikarudi. Kisha akaenda nyuma ya gari kupanga mizigo upya.

Bibi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, anamimina chai. Nikaenda mpaka kwenye ukingo wa chuma. Nilipiga haloo yangu, ikarudi. Hapo ndipo ushetani wa kitoto ukanipanda. Lile jina lilikuwa limenijaa mdomoni wiki mbili, na mbele yangu palikuwa na mahali ambapo, nilidhani, hakuna wa kunisikia. Nikalitamka. Nikamwita bibi yangu kwa jina, kavu, bila bibi mbele yake, kama mtu anayemwita rika lake.

Jina lilichelewa kurudi. Haloo zilirudi mara moja, hili likakaa kule kwa muda, hata nikadhani limepotea. Kisha likaja, la chini, la taratibu. Na nyuma yangu, kutoka garini, nikasikia, "Abee!"

Bibi alikuwa ameitika. Mara ya kwanza, bila kungoja, yeye aliyetufunza kungoja.

Nikageuka nikamwona amesimama kando ya mlango, kikombe mkononi, macho yake kwenye ukungu. Baba akatoa kichwa nyuma ya gari. "Mama, umeniita?" Bibi akasema, "Sijakuita, mwanangu." Mimi akaniambia niingie garini, kuna baridi. Hakuniuliza kitu. Nikakaa ubavuni kwake, nikiwa na hakika kwamba nimeutajia mlima jina la bibi, na mlima umemwita, naye kaukubalia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu halikuwa langu.

Mbele kidogo njia ya juu ilikuwa imefungwa kwa theluji. Mtu mwenye fulana ya rangi ya machungwa akatuelekeza kwenye foleni ya magari, na baba akamfuata akidhani anaelekea darajani. Halikuwa daraja. Yalikuwa mabehewa ya treni yasiyo na kuta, na magari yalikuwa yakipanda juu yake moja moja, na watu wao wamo ndani. Yule mtu akaashiria tuzime mota, tufunge vioo. "Nimekodi gari nishuke kwenye treni," baba akasema, "sasa gari nalo limepanda treni!" Alicheka peke yake. Treni ikatikisika, ikaingia ndani ya mlima.

Giza lile sijaliona tena. Gari lilikuwa linakwenda na mota imezimwa, linayumba, na baba alikuwa bado ameshika usukani, nausikia ukilia mikononi mwake. Makelele ya chuma yalijaa kila mahali. Bibi alinipa kachori nzima kwa kupapasa, nami nikaijaza yote mdomoni ili nisiseme kitu kingine cha kumponza. Naomba ulishike hilo, mdomo wangu ulikuwa umejaa.

"Abee," akasema bibi.

Kisha tena, kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akinibembeleza nayo nikiwa na homa, "Abee, mwanangu. Nipo."

"Nani kakuita, mama?" baba akauliza kutoka mbele. Tulipotoka upande wa pili jua lilikuwa linawaka, na bibi alikuwa ananitazama na anatabasamu. Akanifuta makombo kidevuni. Baba akaturuhusu tushuke tukashike theluji, na bibi aliishika akasema ni barafu tu, hata ya kwenye friji ipo.

Tulirudi Maskati, mdogo wangu akazaliwa, nami nikakua na siri yangu. Miaka yote ile, kwenye nyumba yetu ya Qurum, mara mojamoja baada ya alasiri, nyumba ikiwa imetulia na hakuna ila mashine ya baridi inanguruma, bibi alikuwa akiitika chumbani kwake. "Abee." Mama alisema ni uzee. Mimi nilikuwa ninaacha nilichoshika nakaa chini. Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote, na nilijua nani aliyefungua ule mlango.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba bibi aliangushwa na ugonjwa na hakuinuka tena sawasawa. Siku moja nikimpaka mafuta ya mkarafuu miguuni nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote, jina, ukingo wa chuma, mlima. Nililia mpaka kanga yake ikalowa.

Bibi akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Na mie nnajua! Sauti yako nsiijue, niliyekupokea mie mwenyewe siku ulozaliwa? Nlisema nikikaa kimya utaita tena, baba'ko akusikie, akupige. Ndo nkaitika upesi."

"Lakini wewe ulisema tungoje mara ya tatu, bibi."

"Hiyo kwa nisiyemjua. Wewe nkungoje?"

Sijui kama nimewahi kupata furaha kama ile. Miaka tisa ilinishuka mabegani kwa mara moja. Kumbe hakuna mlima uliomwita mtu, ni bibi tu alikuwa akimfichia mjukuu wake utovu wa adabu. Nilimbusu mikono. Naye, huku amefumba macho, akaongeza, "Isipokuwa mle gizani ulinshtua. Uliniita mbio, kama mtu aloogopa. Na hapa nyumbani pia, mara nyingine unniita halafu huji. Mbona huji, mwanangu?"

Mikono yangu iliganda miguuni kwake. Nilikuwa na jibu la kweli, rafiki yangu, na lilikuwa pale ulimini. Nikamtazama alivyodhoofika, alivyotulia, anavyoningoja. Nikasema, "Niwie radhi, bibi. Ni mimi. Nikikuita tena nitakuja."

"Basi," akasema. "Ukija ntakwenda na we."

Kesho yake, baada ya alasiri, nilikuwa jikoni nakaanga kachori alizoziomba. Mafuta yalikuwa yanalia. Nikasikia kutoka chumbani, kwa furaha kama ya mtu aliyeona mgeni wake anaingia, "Abee, mwanangu! Nipo." Mimi nilikuwa sijaita. Nilizima moto nikakimbia, na kwa kuwa nyumba ni kubwa nikachelewa.

Mpaka leo sijui nilimpa nini siku ile, utulivu au kibali cha kwenda. Nililoweza kulifanya ni moja tu. Binti yangu sikumfunza kuitika abee. Mama yangu hunilaumu, anasema nimelea mtoto asiye na adabu, akiitwa anasema "eeh?" kama muuza duka. Namwacha anilaumu. Wakubwa wetu wanazikwa mmoja mmoja, na lile neno linazikwa nao. Wapwa zangu wanaitika kwa Kiarabu, wengine kwa Kiingereza, wengine hawaitiki kabisa, wamevaa vitu masikioni. Nalililia lile neno, na nyumbani kwangu nimelifungia mlango mimi mwenyewe.

Tuliporudi kutoka Yiti nilimwomba radhi binti yangu. Nikamweleza sharti ya bibi ya kungoja mara ya tatu, na mengine sikumweleza. Jioni chakula kilipokuwa tayari nikamwita kutoka jikoni. Kimya. Nikamwita tena. Kimya tena. Mara ya tatu sauti yangu ilitetemeka.

Akatokea mlangoni anacheka. "Nilikusikia tangu mwanzo, mama. Nilikuwa nahesabu."

Nikamkumbatia nikamwambia vizuri, ndivyo. Kisha nikageukia sufuria asinione, kwa sababu nilikuwa nimekwisha jua kwamba hapa duniani sina tena mtu wa kuniitika mara ya kwanza.