Lugha Isiyo na Jina

Kadowaki Tetsuro, mtoto wa mnoa visu wa Yasugi, tangu ujana hakuwahi kukuta kitu asikitie kasoro. Alipojifunza kuandika programu za kompyuta, akaziona zote zimeandikwa ovyo. Akahamia mji wa Matsue, akaajiriwa na Bosi Adachi, ambaye kampuni yake ndogo huzitengenezea nyumba za wageni za Tamatsukuri, penye chemchemi za moto, mfumo wa kupanga vyumba, milo na zamu za mabafu ya maji moto. Kanuni za nyumba hizo hazitulii. Msimu wa kuvua kaa ukiingia, zinabadilika. Theluji ikichelewesha treni, zinabadilika tena. Na kila zikibadilika, simu inamlilia Kadowaki.

Ndipo akatunga Tsubaki. Ilikuwa lugha ndogo ya kompyuta, isiyo na kazi nyingine duniani ila kueleza kanuni za nyumba ya wageni, ili wenye nyumba wajiandikie wenyewe. Aliilea kwa miaka mingi kama mtoto wa pekee. Aliipa nembo ya ua jekundu la jina hilo, na mabano ya aina nne, kila aina na hoja yake. Wenye nyumba waliisifu kwa adabu, wakainama, kisha wakaendelea kupiga simu. Kadowaki akasema bado hawajaizoea. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani angemwambia?

Kisha akaajiriwa Yumura Sachiho, msichana wa Izumo. Kabla hajaandika hata mstari, aliomba akakae mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni msimu mzima wa kaa, asikilize watu wanavyoagizana. Alirudi akatunga lugha ambayo hata jina hakuipa. Humo, ukitaka mgeni aliyechelewa apelekewe chakula chumbani, uliandika hivyo hivyo: *Mgeni akichelewa, chakula kiende chumbani.* Kompyuta ikatii. Wenye nyumba wakaanza kuulizia "ile ya Sachiho".

"Mchezo wa watoto ule," Kadowaki alimwambia bosi wakila soba. "Hata mabano haina!"

"Na simu nazo siku hizi hazilii," Bosi Adachi akajibu, akivuta tambi zake kwa mluzi. "Kula bwana, zitapoa."

Kadowaki akasukuma bakuli pembeni. Wivu ulimkaba, wivu wa kweli, ule unaomfanya mtu mzima aombe mwenzake ajikwae mbele za watu. Alitamani ile lugha iwalaze wageni wawili wasiojuana chumba kimoja, tena siku ya sikukuu. Hakuwa mtu mbaya, lakini wivu haumuulizi mtu tabia yake.

Akaanza kuiwinda. Kila mchana, chakula chake cha bento kikipoa mezani, aliifungua lugha ya Sachiho na kuiandikia kanuni zilizopinda makusudi, apate kuikwamisha. Majira yakapita akiwinda. Siku moja akanasa kitu, akamkimbilia Sachiho mwenyewe akitabasamu hadi magego.

"Mabafu yakibadilishana zamu na moja limefungwa, inakwama! Ulijua?"

"Ala! Sikujua, kaka," Sachiho akasema, akainama. "Una jicho wewe. Naitengeneza leo leo."

Akaitengeneza. Kadowaki akarudi kitini akiwa ameiboresha lugha ya adui yake, na akazidi kumchukia.

Mwishowe bosi akasema kampuni haiwezi kulea lugha mbili. Moja itabaki, nyingine izimwe. Akamwalika Mama Fukuma, mwenye nyumba kubwa kuliko zote Tamatsukuri, aje achague. Atatoa kanuni moja, kila mtungaji aiandike ubaoni kwa lugha yake. Kadowaki, kwa ukubwa wake, akatangulia.

"Treni ikichelewa," Mama Fukuma akaanza, haraka kama anayemwagiza mpishi, "kaa wa mgeni asichemshwe mpaka mgeni afike. Akiwa na watoto, wao wale kwanza. Na zamu yao ya kuoga msiiguse, mnanisikia?"

Kadowaki akaandika mistari mitatu bila kuinua kalamu. Mama Fukuma akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata, mwanzo hadi mwisho, bila kuuliza neno.

"He! Ndiyo hiyo hiyo niliyosema! Bwana Kadowaki, kumbe lugha yako nyepesi hivi? Miaka yote naiogopea nini?"

Sifa hiyo, kutoka kinywa hicho, ndiyo aliyokuwa akiingojea. Akageuka autazame ubao. Hakukuwa na bano hata moja. Mistari yote mitatu ilikuwa ya lugha ya Sachiho.

Bosi akakitazama kikombe chake. Sachiho alikuwa ameinamisha kichwa, na Kadowaki akaelewa kwamba hatasema. Yuko tayari kumwachia hata hili. Hilo lilimuuma kuliko yote.

"Si yangu, mama," akasema kwa shida. "Ni ya huyu dada."

"Loo! Basi andika ya kwako, tuione."

Akafuta ubao. Akafungua bano la kwanza, akasita, akalifuta, akafungua la aina nyingine.

"Samahanini," akasema. "Nikachukue kitabu cha mwongozo."

Aliporudi nacho, Mama Fukuma alikuwa ameshahamishia kiti chake upande wa Sachiho.