Mikono ya Wifi Shingoni

Kazini walimwita Bi Shingo. Mtu akiingia chumbani kwake akilalamikia goti, yeye macho humwendea kooni. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya tezi, vile viungo vinavyomwaga homoni kwenye damu. Na usivicheke kwa udogo wake. Ile tezi ya shingoni, yenye umbo la kipepeo, haifikii hata uzito wa yai, lakini ikichachamaa hulikimbiza jitu zima kama mbuzi aliyeona chui. Profesa angekueleza hayo mchana kutwa na bado usimwelewe. Hapa umeyapata bure.

Adui alikuwa naye mmoja tu, na alimtunza vizuri: wifi yake, mke wa kaka yake seremala. Ugomvi wao ulianzia kwenye sufuria iliyorudishwa na masizi, na siku hizi hakuna aliyekumbuka sufuria yenyewe ilikuwa ya nani.

Mwaka huo wifi alizidi. Alikula sahani mbili na bado akakonda. Watu wakijifunika mablanketi, yeye anafungua madirisha. Vikombe vilimponyoka mikononi, na mumewe alikaripiwa kwa kosa la kupumua. Seremala wa watu alipomwendea dada yake kuomba ushauri, Bi Shingo hata kiti hakumpa.

"Mrudishe kwao. Mwanamke anayekula na kukonda, roho yake iko nyumba nyingine."

"Lakini dada, wewe si nesi? Huoni kama anaumwa?"

"Anaumwa ubaya! Mrudishe."

Basi kaka akapanga, na mkewe akamwambia: Jumamosi atampandisha basi na mabegi yake. Unashangaa? Mtu anayeona shingo za dunia nzima hakuiona ya mke wa kaka yake. Chuki nayo ni mtoto wa jicho, na haina hospitali.

Jumatano, wifi akaja kliniki kwa miguu yake. Moyo ulikuwa unamwenda mbio hata akiwa amelala, na daktari akamwelekeza chumba cha mwisho. Alifungua mlango, akasimama pale pale.

"Hakuna nesi mwingine?"

"Yupo. Yuko likizo."

"Basi bora nife."

"Ukifia hapa utaniharibia kazi. Kaa."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, kama aliyekalia miiba. Bi Shingo akaanza maswali ya kazi yake, kwa sauti ya kazi yake. Unalala? "Nitalalaje na ndugu kama nyinyi?" Joto unalisikia kuliko wenzako? "Nikikuona wewe, ndiyo." Siku zako za mwezi zinakuja kama zamani?

Hapo moto ukawaka. "Ahaa! Ukampelekee kaka yako, eti nina mimba ya watu!"

"Hilo swali namuuliza kila mwanamke, wifi."

"Uliza wengine!"

Bi Shingo akameza hasira yake, akamimina maji kwenye kikombe, akampa. Kisha akafanya alivyozoea kwa kila mgonjwa: akazunguka nyuma ya kiti bila neno na kunyoosha mikono kooni, ili mtu akimeza, yeye aisikie tezi kwa vidole ikipanda na kushuka. Lo! Adui yako, nyuma yako, mikono kooni! Wifi aliruka, maji yakamwagikia daftari na meza.

"Mnaona? Anataka kuninyonga!"

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka kwenye foleni bibi mmoja akajibu, "Mnyonge basi, mwanangu, na sisi zamu yetu ifike."

"Sikunyongi," Bi Shingo alisema akiuma meno. "Ndivyo tezi inavyopimwa."

"Kama ni kipimo, nianze mimi kukupima wewe."

Jeuri kwa jeuri. Bi Shingo akajitupa kwenye kiti cha mgonjwa, akachukua kikombe. "Haya. Pima."

Wifi akasimama nyuma yake, akamshika koo. "Meza."

Akameza, na moyo wake ukashtuka. Alikuwa ameshika shingo nyingi mno, lakini hakuna aliyewahi kuishika yake. Mikono ile ilikuwa ya moto, majimaji, na vidole vilitetemeka kidogo kidogo kama simu iliyozimwa mlio. Hiyo haikuwa mikono ya mtu mbaya. Ilikuwa mikono ya mgonjwa, na Jumamosi mgonjwa huyo alikuwa anafukuzwa kwa ushauri wa nesi.

"Mbona kwako hamna kitu?" wifi aliuliza. Akajishika koo lake mwenyewe, akameza mate. Kitu kama limau kilipanda, kikashuka chini ya vidole vyake. "Hiki nini?" Sauti haikuwa na mwiba tena.

"Kaa, wifi. Safari hii nitakushika kwa mbele, unanitazama."

Alimshika taratibu. Tezi imevimba, mapigo yanakimbizana, macho yamemtoka. "Tezi yako inamwaga homoni kupita kiasi, ndivyo ninavyoona mimi. Daktari atataka damu ipimwe. Kukonda, joto, kukosa usingizi, hizo hasira, zote zinaweza kutoka hapa."

Wifi akauliza, "Nani alimpa mume wangu wazo la Jumamosi?"

Bi Shingo angeweza kudanganya. Mdomo ulishaanza kujipanga.

"Mimi."

"Basi utalitoa wewe mwenyewe. Mbele yangu."

Jioni ile walimkuta kaka karakanani, anapiga randa. Bi Shingo alisimama kwenye maranda.

"Kaka, nilikushauri vibaya. Mkeo ni mgonjwa."

"Si ulisema anaumwa ubaya?"

"Nilikosea. Jumamosi mpeleke kliniki."

"Rudia," wifi alisema kutoka mlangoni, akijipepea na khanga. "Sijasikia vizuri."

Akarudia. Akatakiwa kurudia tena, akarudia, jasho likimtoka yeye sasa.

Majibu ya damu yakathibitisha, vidonge vikaanza. Miezi ikapita, mwili ukamrudia, usingizi ukaja, vikombe vikadumu kabatini. Ila dada wa watu aliendelea kupita bila kusalimiwa. Siku moja seremala akamuuliza mkewe kwa upole, "Homoni si zimetulia, mke wangu? Mbona dada bado?"

"Mume wangu," alijibu, sauti laini kama maziwa, "yule namchukia kwa akili zangu timamu."

Kaka alipomfikishia dada yake maneno hayo, Bi Shingo alisonya, kisha akasema, "Basi dawa inafanya kazi. Mwambie asiache vidonge."