Aliyekalia Gogo la Thripsi

Cheka ukitaka, lakini mimi si mtu wa kutishwa na ukungu. Nilijisomesha kwa kubeba zege, nikarudi Litembo na stashahada ya kilimo na lenzi ya kukuzia wadudu, ya kuning'iniza shingoni. Niliyoyaona niliyaona mchana, akili zangu zote zikiwa timamu.

Shangazi alikuwa ameshachukua mafuta ya taa. Majani ya kahawa yake yalikuwa yanapauka, na gogo bovu pembeni mwa shamba lilijaa thripsi weusi, vidudu vyembamba kama vipande vya uzi.

"Wanatoka humo," alisema. "Nalichoma leo!"

"Subiri, Shangazi. Thripsi wana koo zao, kama sisi Wamatengo."

Nikateremka hadi kwenye gogo, nikikagua majani ya kahawa njiani. Ukungu nao ukateremka. Juu ya gogo alikaa mzee mwenye koti lililoungua mkono mmoja. Nikaanza kumweleza habari za stashahada yangu.

"Chuoni hawafundishi shikamoo?" akauliza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Haya, msomi, hawa wanakula kahawa?"

Akaninyooshea kidole, thripsi mmoja akitembea juu yake. Nikaweka lenzi jichoni. Niamini: mdudu nilimwona vizuri, mkia wake kama bomba, wa ukoo ambao maofisa wengi wa kilimo hawaujui, unaokula kuvu wa miti iliyokufa. Lakini kidole hakikuwepo! Mdudu alitembea hewani.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilimaliza kazi kwanza.

"Hawana kosa, babu. Niliowakuta kwenye kahawa ni ukoo mwingine. Majike wao wana kisumeno, wanachanja jani na kutaga humo."

"Basi mwambie binti yangu aniachie kiti changu." Akacheka, na kicheko kikabaki bila mtu.

Sikukimbia. Nilitembea haraka sana.

Shangazi aliposikia habari za koti, mafuta yalimponyoka. Lile koti aliliunguza yeye mwenyewe kwa pasi ya mkaa, akiwa msichana, na baba yake alizikwa nalo kabla sijazaliwa.

Kahawa tuliitibu, ikapona. Gogo lipo, na Shangazi hulifuta umande akitoka misani. Ila lenzi yangu, tangu siku ile, haionyeshi kidole cha mtu yeyote, mdudu tu. Wakulima siku hizi wananiletea wadudu kwenye vijiti.

Nawe ndugu yangu, usiwashe moto kwenye gogo kabla hujajua nani analila, na nani analikalia.