Kuondoa Matanga Baharini

Niliingia kazini Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1996, hapa Brussels, kwa wakala aliyeajiri wahudumu wa meli za kutembelea wanyama wa bahari ya barafu. Nilikuwa mjane, na kuandika nilijifunza ukubwani. Mkataba niliutia saini kwa jina langu kamili, si kwa dole gumba.

Kazi yangu ilikuwa vyumba. “Kuvua” ni kuondoa mashuka yote, na chumba huvuliwa abiria akishashuka bandarini, kamwe si kabla. Aliyeilinda sheria hiyo alikuwa Mkuu wa Vyumba, Mrundi wa Bujumbura, mtu wa utani mwingi na macho makali.

Mwezi wa Februari 1998 tulimpokea Madame mmoja wa Koekelberg, mtaa wa hapa Brussels. Safari ile aliipanga pamoja na mumewe, na mume akafariki kabla ya kuondoka. Alipanda peke yake, akalala. Wenzake walishuka kwa boti za mpira kuwatazama pengwini na sili. Yeye alitazama ukuta. Ikafika tarehe 17, siku ya mwisho kati ya barafu. Jioni meli ingegeukia kaskazini, naye alikuwa hajaona hata ndege.

Asubuhi hiyo kipaza sauti kilitangaza nyangumi. Nilimsihi Madame apande sitahani, akasema kichwa kinamuuma. Basi nikamwomba ahamie kitini, nikavua mashuka, foronya na blanketi, nikaliinua godoro. Mkuu wa Vyumba akasimama mlangoni.

“Maman, unafanya nini? Tuko bado baharini.”

“Naondoa matanga, papa.”

“Bon. Huku hatuna msiba, maman. Tuna abiria.”

“Huyu anao.”

Alimtazama Madame kwa muda, kisha akaenda zake, akisema kwamba akiulizwa, yeye alikuwa akiswali.

Madame alitaka kujua tumezungumza nini. Nikamweleza kwa Kifaransa kwamba kwetu Kivu wafiwa hulala pamoja chini, juu ya mikeka, na siku ikitimia mikeka huondolewa, kila mtu akatoka nje.

“Na asiyetaka kutoka?”

“Hatumwulizi, Madame.”

Akaomba koti lake.

Nyangumi aliibuka karibu nasi hata pumzi yake ikatufikia, yenye harufu ya samaki. Akalala ubavu, akainua pezi refu kama mtu anayesalimu kutoka ng'ambo ya barabara, akatuchungulia kwa jicho moja. Mgongoni alikuwa na makovu. Nikajiuliza ameyapata wapi, na ana umri gani. Madame aliinama juu ya reli, akamwambia neno moja. Halikuwa la Kifaransa, lilikuwa la Kiflamandi cha kwao, na alilitamka kwa upole, kama anayemjibu mtu. Nyangumi akazama. Sikumwuliza neno lile. Mhudumu hamhoji abiria.

Nilistaafu tarehe 30 Juni 2011. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, sheria zake nilizishika zote, ila ile moja ya kuvua niliivunja mchana kweupe. Siku hizi nasoma Kiflamandi hapa Laeken kila Jumanne, nikikaa kiti cha mbele. Mwalimu ameshatufikisha kwenye hali ya hewa na bei za mboga. Neno lile bado halijafundishwa.