Kibali cha Marehemu Baba

Baada ya kumzika baba Butiama, wazee walinikabidhi kigoda chake, mkuki na bunduki. Nilijua kibali cha bunduki nacho nimekirithi! Nikatoa risasi, nikaifunga bunduki kwenye koti lake, nikailaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, nikaelekea kwangu Kamunyonge. Njia nzima koti lilinuka tumbaku yake, na kwenye kioo nililiona limeinuka kidogo, kama mtu anayeuliza tumefika wapi.

Polisi akanisimamisha, akauona mtutu ukichungulia kwenye koti. Nikampa kibali kwa madaha.

“Mwenye picha hii yuko wapi, mura?”

“Amefariki, afande. Mimi ndiye mwanawe mkubwa.”

“Mwenye kibali akifa, silaha inapelekwa polisi. Wewe umebeba bila kibali. Hiyo ni jela.”

Nyuma yetu koti likajigeuza taratibu. Sote tuliliona.

“Twende kituoni,” akanong'ona. “Koti libebe mwenyewe. Mimi siligusi.”