Namna Mzee Poromoko Alivyonusurika

Siku ya kwanza kazini nilivaa sweta langu la shule, maana ukungu wa Lushoto haujali kwamba mtu amehitimu. Nilishuka kwenye gari la kabichi lililotoka Mlola, nikapangusa viatu kwa majani, nikaingia ofisi ya mradi wa kuhifadhi udongo. Walihitaji mtu wa kuchora picha za kijarida cha wakulima. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Afisa wa Hifadhi, ila milimani kote aliitwa Bwana Hifadhi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayechora?"

"Ndiyo."

"Unakosea?"

"Mara mojamoja."

"Hapa jizuie. Karatasi yetu haina kifutio."

Alikuwa anasema kweli. Ninyi mnaochora kwenye kioo cha simu, mkafuta kwa kidole, ngoja niwaeleze. Tulichorea stensili, karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Unakwangua nta kwa kalamu yenye ncha ya chuma, na pale ulipokwangua ndipo wino hupenya, mashine ya kudurufu inapozungushwa kwa mkono. Ukikandamiza mno, karatasi inachanika. Ukilegeza mno, mkulima anatokea hana pua. Kwa hiyo nilijifunza kuchora watu kwa mistari michache: kofia, tumbo, jembe. Sikujua kwamba uchache huo ndio ungewafanya watambulike hata na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara.

Toleo langu la kwanza lilihusu matuta. Tuta, kwenye mlima, hukatiza mteremko ili maji yatulie, na juu yake hupandwa majani ya gwatemala yashike udongo. Nililijua hilo. Lakini kwetu Mlola shamba tulilitazama zaidi kutoka upande wa pili wa bonde, na kutoka huko kinachoonekana ni vijia vinavyoshuka katikati ya mahindi. Mkono wangu ukachora ulichozoea. Matuta yakashuka mlima wima, na mkulima wangu mnene, kofia imemfunika macho, amesimama juu yake anatabasamu.

Rimu nzima ilikuwa imeshachapwa Bwana Hifadhi alipoiona. Aliinua karatasi moja.

"Binti, hili si tuta. Huu ni mfereji wa kupeleka udongo wetu Mombo."

Karatasi nyingine hazikuwepo. Nilichoweza kufanya ni kutazama nusu ya chini ya ukurasa, iliyokuwa tupu. Nikaomba stensili moja. Nikamchora mkulima yuleyule baada ya mvua, yuko Mombo, tambarare chini ya mlima, mbele ya lundo la udongo, kofia mkononi. Anauambia: "Mbona hukuniaga?" Pembeni nikaweka mbuzi anayemtazama bila neno. Tukazipitisha karatasi zote kwenye mashine mara ya pili.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mzee Poromoko.

Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, kijarida hakikutumika kufungia ugoro. Huko Lukozi wanaume walikisoma kwa sauti sokoni, huku wengine wakiuliza: "Na mbuzi, kasema nini?" Mbuzi hakuwahi kusema kitu kwa miaka yote niliyomchora, na kila mtu alijua anachofikiri. Poromoko alilima kwenye ukingo wa mto, akachoma majani upepo ukivuma, akafunga ng'ombe kwenye mche aliouotesha mwenyewe. Kila toleo alianguka. Kila toleo lililofuata alikuwa wima, kofia ileile, matumaini yaleyale.

Kisha Bwana Hifadhi alihamishwa, akaja Mratibu, mtu mpole wa mafaili, aliyevaa tai hata shambani. Aliniita akiwa na matoleo yote mezani.

"Bi Mchoraji, huyu mzee amefundishwa miaka mingapi?"

"Mingi, mheshimiwa."

"Na bado hajajifunza. Wakubwa wangu watasema mradi umeshindwa. Mwongoe. Kama hutaweza, ukurasa huu tunaufunga, wewe utakwenda masjala."

Nilimwongoa. Nilimpa matuta yaliyokatiza mteremko, gwatemala nzuri, kofia iliyonyooka. Nilipomaliza nilihisi nimemvalisha mtu nguo za maziko. Toleo likatoka, halafu la pili. Hakuna aliyeuliza habari za mbuzi. Vijarida vilirudi ofisini na mafungu yake hayajafunguliwa, na Mratibu akaanza kuniuliza kama najua kupanga mafaili.

Asubuhi moja akaja mkulima wa Lukozi, mzee mwenye fimbo na koti zito. Niliinuka nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Poromoko mmemfanya nini?"

Mratibu alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Amejifunza, mzee wangu. Si jambo jema?"

"Jema kwake. Sisi je?" Mzee aliketi bila kukaribishwa. "Mimi nina matuta saba. Unadhani niliyachimba kwa sababu ya mabwana wenu wa tai? Mke wangu alinisema miaka mitano, nikagoma. Mghoshi mzima, mwanamume wa Kishambaa, nielekezwe shamba la baba yangu? Halafu nikamwona huyu bwege, nikamcheka mpaka nikakohoa. Kesho yake nikachimba tuta la kwanza. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia, sitaki kufanana na yule. Sasa mmemfanya afanane na ninyi."

Mratibu alirekebisha tai yake. Nilidhani atakasirika. "Hayo matuta yako," alisema, "naweza kuyaona?"

Walikwenda pamoja kwa pikipiki ya ofisi. Aliporudi, suruali imejaa tope hadi magotini, alisimama mlangoni kwangu.

"Mrudishe. Ila sitaki ionekane tulikosea."

Nilikaa na stensili siku mbili. Hatimaye nikamchora Poromoko akimwonyesha mke wake yale matuta mazuri, kifua mbele. Mke ameshika kiuno: "Mazuri, baba. Lakini hili ni shamba la jirani." Mbuzi akatazama pembeni. Mratibu alisoma, akavua miwani, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka.

Nilimchora hadi nilipostaafu, na ninamshukuru kuliko mkubwa yeyote. Wajukuu wangu hutazama katuni zilizochorwa kabla wazazi wao hawajazaliwa, wakacheka mahali palepale tulipocheka sisi. Zamani nilidhani ni ustadi wa mistari. Sasa nadhani watu hawa wa wino wanatubebea aibu zetu, wanaanguka kwa niaba yetu, wala hawatudai shukrani.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Lushoto. Kijana mmoja alipakia karoti vibaya, gunia likapasuka, zikabingirika mpaka barabarani. Mkewe, binti wa umri wa mjukuu wangu, akasema bila hasira: "Okota, Poromoko."

Nikamuuliza Poromoko ni nani.

"Shikamoo, bibi. Si mtu," akasema, akiinama kumsaidia. "Ndivyo tunavyowaita waume zetu huku milimani. Tangu zamani."

Niliweka kikapu chini, nikaokota nao.